Picha Yako ya Ndani ni Amana, Lakini Usikubali Kuchomwa Gizani



Sisi ni mafundi cherehani wa Ushirombo, wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita. Wengi mkisikia Geita mnafikiria dhahabu na mashimo ya wachimbaji, lakini huku nako watu wanaolewa. Kazi yetu ni magauni ya harusi, shela, na nguo za mama wa bibi harusi na shangazi zake. Tulianza wanne, kila mmoja na cherehani yake. Leo tupo watatu, na cherehani ya nne tumeifunika kitambaa.

Tunaandika kwa sababu ya huyo wa nne.

Tumeona wanawake wakijiandaa kwa harusi miezi sita kabla. Singo, hina, udi, gauni la nikahi, gauni la kupokelewa. Kwa mambo ya nje hatuna mpinzani. Ila kuna sehemu moja ya mwili hatuitazami, hatuitaji, na ikiguswa tunafumba macho mpaka iishe. Ni mlango wa kizazi. Siku hizi sehemu hiyo ikionekana na dalili za awali za ugonjwa, mara nyingi hutibiwa kwa joto. Rai yetu ni hii: joto hilo ni tiba nzuri, lakini joto bila jicho ni hatari. Anayechoma lazima aone anachokichoma, kabla na baada. Na wewe unayechomwa una haki ya kuona pia.

Joto lenyewe ni lipi?

Saratani ya mlango wa kizazi haianzi kwa siku moja. Inaletwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho watu wengi hukipata baada ya kuanza maisha ya ndoa, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikikaa, ngozi ya mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole, kwa miaka, mara nyingi kumi na zaidi. Miaka hiyo ndiyo nafasi tuliyopewa. Ugonjwa ukikutwa hapo bado si saratani, na unaondolewa mapema. Tukiiacha nafasi hiyo ipite, tunaingia kwenye hesabu ya kusikitisha: kwa makadirio ya taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 hukutwa na saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki.

Kipimo kinachojulikana zaidi huku kwetu ni cha siki. Muuguzi anapaka siki iliyopunguzwa makali, anasubiri kama dakika moja, kisha anatazama. Sehemu yenye shida hugeuka nyeupe. Zamani, ikionekana hivyo, dawa ilikuwa ni kuigandisha kwa baridi kali kwa kutumia gesi ya mtungi. Mitungi ni mizito, inahitaji kujazwa, na wilaya iliyo mbali unaweza kukuta mashine ipo, gesi hakuna.

Sasa kuna kifaa cha kushika mkononi kinachotumia umeme au betri. Ncha yake inapata joto la nyuzi 100 au zaidi, inawekwa juu ya mlango wa kizazi kwa sekunde 20 hadi 30, kisha inaondolewa. Kama sehemu ni kubwa kuliko ncha, inawekwa tena pembeni, ikipanda kidogo juu ya pale pa kwanza, mpaka eneo lote lifikiwe. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019. Tiba ya namna hii si ya jana wala hatufanyiwi majaribio. Ulaya ilianza kutumika miaka ya 1960.

Sisi mafundi tulilielewa hili haraka. Unapobandika kitambaa cha kukazia kola kwa pasi, huburuzi pasi ovyo. Unakandamiza, unainua, unasogeza, unapandisha kidogo juu ya ulipotoka. Ukiruka sehemu hata ya upana wa kidole, siku ile kola inaonekana safi. Ukishaifua mara mbili, hapo uliporuka panatoa vipovu. Ndiyo maana fundi mzuri haamini mkono tu, anageuza nguo na kuangalia upande wa ndani.

Wenye mashine kubwa nao hawachomi bila kuona

Msidhani kuangalia ni mambo ya hospitali za hali ya chini. Ni kinyume chake. Popote duniani wanapotibu kwa joto, kazi kubwa ni kulitazama joto linakwenda wapi.

Chukueni mfano wa vivimbe vya kizazi, vile tunavyoviita faibroidi. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu tiba inayotumia mawimbi ya sauti yaliyokusanywa mahali pamoja, kama miale ya jua inavyokusanywa na kioo cha kukuza mpaka karatasi ikaungua. Hakuna kisu. Mawimbi yanapita kwenye ngozi ya tumbo bila kuichoma, yanakutana ndani ya kivimbe, na hapo joto linapanda mpaka nyama ile inakufa. Inatosha kufika karibu nyuzi 60.

Lakini tatizo ni kwamba jirani ya kizazi kuna utumbo, kibofu na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mgonjwa analazwa ndani ya mashine ya MRI. Maji yaliyomo mwilini yanapopata joto, ishara yanayotoa ndani ya sumaku ya MRI hubadilika kidogo, na kompyuta inageuza mabadiliko hayo kuwa ramani ya joto. Daktari anaona kwenye kioo kwamba hapa pamefika nyuzi kadhaa, pale bado, na huku joto linaelekea pasipotakiwa, basi anasimamisha. Mgonjwa mwenyewe yuko macho, na mkononi ameshika kitufe cha kusimamisha akihisi jambo si sawa.

Hata uvimbe wa ini, ukichomwa kwa sindano ya joto, sindano hiyo huongozwa kwa utrasaundi au CT skani, na baada ya wiki kadhaa picha hupigwa tena kuangalia kama kuna ukingo ulioachwa.

Hatusemi Bukombe iletewe MRI ya kila mwanamke. Mlango wa kizazi, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, unafikiwa kwa jicho na taa. Hapo inatosha taa nzuri, mtu aliyefunzwa, na kamera ya simu. Na hili si jambo la kufikirika tu. Katika miaka ya 2010 huko Kilimanjaro, wahudumu wa afya walifunzwa kupiga picha ya mlango wa kizazi kwa simu na kuituma kwa wataalamu walio mbali, ambao waliwajibu na kuwaelekeza. Muuguzi wa kijijini anakuwa na jicho la pili, na mama hafungi safari ya siku nzima kwenda kulitafuta jicho hilo.

Mwenzetu wa cherehani ya nne

Mwenzetu alikuwa na miaka 41 na watoto wanne. Yeye ndiye alikuwa akitia shanga kwenye lasi. Bibi harusi akija na kipande cha lasi ya bei ndogo, akikitoa mikononi mwake utadhani kimetoka Dubai.

Alipimwa siku moja palipotangazwa upimaji wa bure. Watu walikuwa wengi, chumba kina giza, taa ni tochi. Akaambiwa kuna weupe kidogo, akachomwa saa ile ile, akaambiwa, "Tayari mama, nenda." Hakuonyeshwa picha. Hakupewa kadi yenye tarehe ya kurudi. Naye hakuuliza. Alirudi kazini anacheka, akisema amemaliza. Na sisi hatukumuuliza. Hilo tunalibeba.

Baada ya miaka miwili akaanza kutokwa na damu kila baada ya kukutana na mumewe. Akadhani ni sindano ya uzazi wa mpango. Akatuficha miezi. Tulikuwa tunamwona haendi kuswali nasi, tukidhani yuko kwenye siku zake, kumbe alikuwa anavuja kila siku na hajui aifanye nini sala yake. Tulipojua, tulimpeleka Geita, kisha Bugando, Mwanza. Wakati huo daraja la Kigongo na Busisi bado halijafunguliwa, tukavuka kwa kivuko, yeye amelala kwenye kiti cha nyuma ameshika tumbo.

Daktari alitueleza vizuri. Alisema si joto lililomletea saratani. Inaelekea ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani ya njia ya mlango, mahali ambapo ncha ya kifaa haifiki. Mwanamke wa namna hiyo hachomwi. Anapelekwa mbele akakatwe sehemu ile na ipimwe. Alichomwa pale palipoonekana, na palipojificha pakabaki. Kisha hakurudi kuangaliwa.

Allah amrehemu na amfanyie kaburi lake liwe na nuru.

Baada ya matanga, sisi watatu tulikwenda kupimwa, mahali pengine. Mmoja wetu alikutwa na weupe. Muuguzi, mwanamke mwenzetu, aliomba ruhusa, akapiga picha, akamwonyesha. Hapo ndipo mara ya kwanza mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto watatu, alipoona mlango uliopitisha wanawe. Alisema ni kama kidonati kidogo chenye rangi ya waridi, na upande mmoja kama mtu kamwagia maziwa. Muuguzi akamwonyesha kwa kidole: ukingo wote wa weupe unaonekana, hauingii ndani, haujazidi robo tatu ya mlango, hakuna dalili ya saratani. Kwa hiyo anafaa kuchomwa.

Akachomwa. Maumivu aliyafananisha na tumbo la hedhi. Muuguzi akatazama, akapiga picha nyingine, akasema, "Huku ukingoni sijafika." Akagusa mara ya pili. Yote hayayakufika dakika tano. Baada ya mwaka alirudi, picha ikapigwa tena, wakaziweka mbili pamoja. Maziwa hayapo.

Tofauti ya wale wawili haikuwa fedha wala elimu. Mmoja aliangaliwa, mwingine hakuangaliwa.

"Lakini ni picha ya utupu!"

Tunajua mtasema hivyo, maana na sisi tulisema. Mwanamke anayejistiri, ambaye hata mkono wake hauonekani, leo picha ya utupu wake iwe kwenye simu? Hofu hiyo ni ya haki. Tunaishi wakati ambao picha ya harusi inatoka ukumbini na kuzunguka mji kabla pilau halijapoa.

Dini yetu imehimiza kutafuta tiba, na wanazuoni wametueleza kwamba darura ya matibabu inaruhusu kufunuliwa kile kinachohitajika, kwa kiasi kinachohitajika. Maana yake ruhusa ina mipaka. Tunaomba mhudumu mwanamke kwanza. Tunafunikwa shuka, na kinachofunuliwa ni kile cha kazi tu. Na picha nayo iwe na mipaka yake:

1. Uombwe ruhusa kabla, si baada.
2. Picha iwe ya mlango wa kizazi peke yake. Hapo hapana uso, hapana paja, hapana kitu cha kumtambulisha mtu.
3. Isiandikwe jina lako. Namba ya faili inatosha.
4. Simu iwe ya kituo, si ile ambayo muuguzi anaingia nayo kwenye makundi ya familia yake.
5. Uambiwe nani ataiona, na itakaa wapi.

Haya si maringo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya yako zimo ndani ya ulinzi huo. Na kabla ya sheria, sisi tunalo neno letu: amana. Mteja anapotuachia vipimo vya kifua na kiuno chake kwenye daftari, hatuvisomi barazani. Picha hiyo ni zaidi ya vipimo.

Ukikataa picha, ni haki yako, na usinyimwe tiba kwa hilo. Jicho lililofunzwa na taa nzuri vinaweza kufanya kazi. Lakini basi mwombe mhudumu akuchoree kwenye karatasi: weupe uko wapi, amegusa mara ngapi, ukingo umefika. Usikubali kutoka na neno "tayari" peke yake.

Sisi, baada ya tuliyoyaona, tunasema picha ina faida kubwa kuliko hofu yake, ikiwa imeshikwa kama amana. Aibu ya kweli ni ile tuliyoipata sisi, ya kujua mwenzetu amechomwa na kutomuuliza aliona nini.

Kwa bibi harusi, mama yake na somo wake

Bibi harusi wa miaka 20 ambaye hajawahi kuolewa, usitishike. Kipimo hiki kwa kawaida ni cha wanawake wa miaka 30 hadi 49, na kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI huanza miaka 25. Lakini siku unapokuja kupimwa gauni, aliyekaa pembeni na mkoba ni mama yako. Huyo ndiye. Muulize. Na mdogo wako wa kike aliye darasani ana chanjo yake: Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilitolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu.

Kwenu masomo na makungwi mnaomfunza mwari: mnamfundisha kujisafisha, kujifukiza, kumpokea mume. Ongezeni maneno matatu. Damu baada ya tendo la ndoa si ya kuficha. Dawa za kuingiza ndani ili kukaza hazifai. Na akifika umri, apimwe.

Kwa aliyeambiwa anahitaji joto, haya yajue. Mjamzito husubiri mpaka ajifungue. Kifaa hakichomi mji wa mimba, kinagusa juu ya mlango tu, kwa kina cha milimita chache. Baadaye utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, pengine yenye damu kidogo. Majimaji hayo si hedhi. Usiache sala kama alivyoacha mwenzetu. Jisafishe, vaa pedi, tawadha kwa kila wakati wa sala kama afanyavyo mwenye istihadha, na ukiwa na shaka muulize ustadhati wako. Wiki nne usikutane na mumeo na usiingize kitu chochote ndani. Mwambie mumeo mapema, kwa upole. Mume wa mwenzetu wa pili ni mchimbaji, akitoka machimboni ana hamu na nyumba yake. Alipoonyeshwa ile picha na mkewe, alinyamaza, kisha akasema, "Basi mimi nitasubiri." Picha ilimweleza kuliko maneno.

Na la mwisho ndilo kubwa: baada ya mwaka mmoja, rudi uangaliwe tena. Ukifika nyumbani tu, andika tarehe hiyo. Sisi tumeiandika kwa chaki ya kushonea kwenye mlango wa kabati la vitambaa, kila mmoja tarehe yake, ili tusisahauliane.

Cherehani ya nne bado tumeifunika. Akija binti wa kujifunza tutampa. Ila kabla hajashika sindano, tutamfundisha kwanza kugeuza nguo na kuangalia upande wa ndani.

Allah atuhifadhi sisi na mabinti zetu, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.